Ratili, Heller na Tarakimu za Mashine: Habari ya Masazo Kando ya Ziwa Viktoria

Watu wa Mwanza na wa nchi zilizo kando ya Ziwa Viktoria wamebadilishiwa hesabu mara nyingi kuliko walivyobadilishiwa serikali. Tangu misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipoanza kupita Usukuma katika karne ya 19, watu hao wameona utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, kisha serikali yao wenyewe. Lakini katika muda huo huo wamepimiwa kwa mkono, kwa frasila, kwa ratili ya pwani, kwa ratili ya Kiingereza na kwa kilo, na wamelipwa kwa majembe, kwa nguo, kwa rupia za namna mbalimbali na kwa shilingi. Wanahistoria wameandika mengi juu ya serikali, nayo ni haki. Bali juu ya hesabu wameandika machache, kana kwamba hesabu ni kitu kisicho na historia. Mambo hayakuwa hivyo. Kila kipimo kipya kilipoingia kilikuja na kanuni yake ya kugawanya, na kila kanuni ya kugawanya ilikuwa na masazo yake, yaani kile kipande kidogo kisichoingia katika kipimo. Na palipo na masazo pana mtu anayeyachukua.

Kabla ya sarafu kuenea, jembe la chuma lililofuliwa na mafundi wa Kirongo katika nchi ya Buzinza, magharibi ya Ghuba ya Mwanza, lilikuwa mali iliyopokelewa katika biashara ya Usukuma. Jembe huhesabiwa zima. Hakuna nusu ya jembe, kwa kuwa jembe lililokatwa si jembe tena bali ni chuma. Na aliyedaiwa jembe na kitu juu yake hakuwa na budi kutafuta mali ya namna nyingine ya kujalizia. Hesabu ya namna hii haina masazo, wala haina hila nyingi. Nguo ilikuwa mbali na hayo. Nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono minne ikawa shuka, mikono minane ikawa doti. Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi, na kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ilifaa kuuliza ni nani apimaye.

Vipimo vya uzani na vya nafaka vilivyotoka pwani vilikuwa na tabia moja ambayo yafaa iangaliwe sana, maana itarudi mbele katika mahali pasipotazamiwa. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja. Ratili ina wakia 16, na wakia ni uzani wa reali moja ya Maria Theresa. Frasila tu, iliyokuwa na ratili 36 kwa hesabu ya Unguja, ndiyo iliyotoka katika mstari huo. Mengine yote yalikwenda kwa kugawa nusu, na nusu ya nusu, na nusu ya hiyo tena. Sababu yake si ya kutafuta mbali. Mwenye mizani ya vitanga viwili aweza kugawa mzigo nusu kwa nusu bila jiwe lolote la kupimia, kwa kutazama tu vitanga vilingane. Kuugawa kwa kumi hawezi. Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Nusu, robo na thumuni ni maneno ya sokoni, yajulikanayo na kila mtu. Bali ushuri, yaani sehemu ya kumi, haukuingia sokoni kwa kupimia unga. Uliingia pamoja na mtoza kodi, na ukoo wake ungali ukionekana katika neno ushuru.

Basi Wajerumani walipotwaa nchi, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka wa 1890 kupiga rupia zake, na kila rupia ilikuwa na pesa 64. Hesabu hiyo ilitoka Bara Hindi, ambako rupia ilikuwa na anna 16 na kila anna pesa 4. Ni ile ile hesabu ya nusu kwa nusu: ukiikata rupia mara sita utafika kwenye pesa moja, wala hakuna kitakachobaki. Mwaka wa 1904 serikali ya Kijerumani, iliyokwisha kuchukua mamlaka ya fedha mikononi mwa kampuni, ilifuta pesa na kuweka heller, 100 katika kila rupia, na rupia 15 zikafanywa sawa na mark 20. Kwa makarani wa Dar es Salaam hayo yalikuwa maendeleo makubwa, kwa sababu hesabu ya kumi huandikwa vyepesi katika daftari. Kwa mwenye duka wa Mwanza ilikuwa habari nyingine. Nusu ya rupia ilikuwa pesa 32, ikawa heller 50. Robo ilikuwa pesa 16, ikawa heller 25. Mpaka hapo hakuna aliyepungukiwa. Lakini pesa moja ikawa ni heller moja na sehemu tisa za kumi na sita, na hakuna sarafu ya namna hiyo. Kadhalika ushuri wa rupia, ulio heller 10 kamili, kwa hesabu ya zamani ulikuwa pesa 6 na mbili za tano, nazo hazilipiki. Aliyezoea kununua kitu cha pesa moja sasa alilipa ama heller moja ama mbili. Na haikumpasa mtu kuwa mwanachuoni ili kukisia ni ipi kati ya hizo mbili muuzaji aliyoipendelea.

Mwanza ilikuwa na shida zaidi ya miji ya ndani, kwa kuwa biashara yake ilikwenda kwa maji. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, meli za ziwani zilianza kuchukua ngozi, karanga na baadaye pamba toka bandari za Wajerumani hadi ng'ambo ya pili, na kurudi na bidhaa na fedha ya huko. Fedha ya huko nayo ilikuwa rupia, yenye jina lile lile, nayo pia ilikuwa na pesa 64 kabla ya kuwekewa senti 100. Hivi mtu aliweza kuwa na rupia mbili mkononi, zenye jina moja, zilizogawanyika kwa njia mbili. Baada ya vita ya kwanza ilikuja shilingi yenye senti 100, na mgawanyo wa kumi ukashinda kabisa katika sarafu. Katika midomo ya watu haukushinda kabisa: senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi, ziliitwa thumuni, neno ambalo maana yake ni sehemu ya nane. Kipimo chaweza kufa na jina lake likabaki, kama kombe lisilo na chaza.

Ama katika uzani, Waingereza hawakuleta hesabu ya kumi hata kidogo. Walileta pauni yao yenye aunsi 16, nayo ikapewa jina la ratili kwa sababu ilikaribiana na ratili ya pwani. Ilikaribiana, haikulingana: reali 16 ni gramu 449 hivi, na pauni ya Kiingereza ni gramu 453 na zaidi ya nusu. Tofauti ni kama moja katika mia. Si kitu kwa mwenye kununua nyama ya mchuzi. Kwa mwenye kupokea mzigo wa mia ni ratili nzima.

Katika ratili hiyo ya Kiingereza ndimo pamba ya Usukuma ilimopimwa, na hapo ndipo habari ya masazo inapokuwa habari ya siasa. Zao la pamba lilianzishwa wakati wa Wajerumani, likakua sana chini ya Waingereza, hasa baada ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka wa 1928 na baada ya vita ya pili. Mkulima aliichuma pamba yake, akaichagua, safi mbali na fifi mbali, akaifunga na kuichukua sokoni au kwenye kiwanda cha kuchambulia. Bei kwa kila ratili iliwekwa na serikali na ilitangazwa, kwa hiyo mnunuzi hakuweza kuipunguza waziwazi. Lakini malipo ni bei mara uzani, na uzani haukutangazwa na mtu. Ulisomwa katika mizani na mtu mmoja, mara nyingi mfanyakazi wa mnunuzi, mbele ya mtu mwingine asiyejua kusoma.

Malalamiko ya wakulima yalikuwa ya namna nyingi. Walisema mizani ilirekebishwa, walisema kidole kiliwekwa mahali kisipotakiwa, walisema pamba safi iliandikwa fifi. Hayo ni wizi, na wizi una dawa yake katika sheria ya kila serikali. Lakini chini ya wizi kulikuwa na jambo tulivu zaidi, ambalo si rahisi kulishtaki. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba mzigo una ratili 37 na robo tatu, na bei ni senti 52. Mpimaji akiandika 37, mkulima atapata shilingi 19 na senti 24. Akihesabiwa robo tatu zake, angepata shilingi 19 na senti 63. Mpimaji hakusema uongo mkubwa. Amesoma tarakimu ambayo mshale umeipita, akaacha iliyobaki. Atafanya hivyo kwa huyu, na kwa yule, na kwa wa tatu, na kila mara kipande kiachwacho huwa kati ya sifuri na ratili moja, kwa wastani nusu ratili. Wakija watu elfu kumi, ratili elfu tano zimeingia ghalani bila kununuliwa. Aliyepoteza nusu ratili hana sababu ya kwenda mahakamani, na aliyepata ratili elfu tano hakumwibia mtu yeyote ambaye angeweza kutajwa kwa jina.

Katika sehemu kadhaa za Usukuma wakulima waliona, kabla ya kuona jambo lingine lolote la ushirika, kwamba dawa ni kuwa na mtu wao kwenye mizani. Walichanga, wakawaweka wapimaji wao wenyewe, mzigo ukapimwa na upande wa muuzaji kabla ya kupimwa na upande wa mnunuzi. Yafaa kusisitiza jambo hili, kwa maana mara nyingi chama cha ushirika husimuliwa kana kwamba kilianzia katika maofisi na sheria za serikali. Huku kilianzia katika kusoma tarakimu.

Aliyezikusanya juhudi hizo zikawa nguvu moja ni Paul Bomani, aliyezaliwa upande wa Musoma mwaka wa 1925. Katika ujana wake alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Mwaka wa 1952 alishiriki kuunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka wa 1955 vyama vya wakulima viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, naye Bomani akawa meneja wake mkuu. Katika miaka ile ile TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, toka mwaka wa 1954 hata 1958, na watu waliokatazwa mkutano wa siasa hawakuweza kukatazwa mkutano wa pamba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ununuzi wa pamba kutoka kwa wakulima ulikuwa mikononi mwa vyama vyao, na Shirikisho lilihesabiwa katika vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima.

Hata hivyo masazo hayakutoweka kwa kuwa mizani imepata bwana mpya. Chama nacho kilikuwa na mpimaji, na mpimaji alikuwa na mshale wa kusoma na ghala la kujaza. Mwaka wa 1966 tume maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini na kuandika juu ya udanganyifu na uendeshaji mbaya uliokuwamo; baada yake Shirikisho liliwekwa chini ya uangalizi wa serikali, na nafasi yake ikashikwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa, na katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Katikati ya misukosuko hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, ratili iliondolewa na kilo ikawekwa. Badiliko hilo lilipita bila kelele nyingi, labda kwa sababu mkulima alikwisha kuzoea kubadilishiwa.

Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha toka mwaka wa 1962 hadi 1965, na katika wizara hiyo ndimo ilimowekwa, mwaka huo wa 1965, kompyuta ya kwanza ya Tanzania. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyobuniwa Marekani na kampuni ya RCA na kuuzwa na kampuni ya Kiingereza. Mambo yake hayakwenda kama ilivyotumainiwa, na mwaka wa 1974 serikali ilikataza kompyuta kuingizwa nchini bila kibali maalumu. Wako wanaolicheka katazo hilo leo. Hawakumbuki kwamba katika miaka ile ile nchi zilizozitengeneza mashine hizo zilikuwa zimekwama katika fujo ya hesabu ambayo mwenye duka wa Mwanza wa mwaka wa 1904 angeitambua mara moja.

Kompyuta huhesabu kwa biti, yaani kwa ndiyo na hapana, na kwa hiyo hugawanya kama kibaba na pishi: nusu, robo, thumuni, na nusu ya hiyo. Kwa hesabu za kisayansi, zenye idadi kubwa mno au ndogo mno, wahandisi walitumia namna ya kuandika iitwayo nukta ielekezwayo na kipeo, au kwa kifupi nukta elea. Idadi huandikwa kwa sehemu tatu: alama ya kujumlisha au kutoa, tarakimu chache zenye maana, na kipeo kinachoonyesha nukta iwekwe wapi. Mambo hayo ni mepesi. Taabu ni kwamba kila mtengenezaji aligawa nafasi kwa njia yake. Mashine za IBM za mfululizo wa 360, zilizotangazwa mwaka wa 1964, zilipandisha kipeo kwa kumi na sita. Za Digital zilikipandisha kwa mbili. Za Control Data zilikuwa na neno la biti 60, nyingine 36, nyingine 32. Kulikuwa na mashine zilizokata masazo na kuyatupa, na zilizoyakaribisha kwenye tarakimu iliyo jirani. Kulikuwa na mashine ambamo idadi mbili zisizo sawa, zikitolewa moja katika nyingine, zilileta sifuri, kwa sababu tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko kitu ambacho mashine iliweza kukiandika. Na programu ikigawa kwa sifuri hiyo, kazi yote ilianguka. Walioandika maktaba za programu za hesabu, yaani zile za kutafuta kipeuo, sini, logi na mengineyo, walilazimika kuziandika upya kwa kila mashine, na bado jibu la huku halikuwa jibu la kule.

Mwaka wa 1977 kamati ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, ilianza kutafuta mapatano. Mtu aliyeongoza fikira zake ni William Kahan, mwanahisabati aliyezaliwa Toronto na kufundisha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambaye wakati huo alikuwa akiishauri kampuni ya Intel juu ya kipande cha hesabu kilichotolewa mwaka wa 1980 kwa jina la 8087. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya vitu vidogo kabisa. Kahan na wenzake walitaka idadi inayokaribia sifuri ipunguzwe polepole, tarakimu kwa tarakimu, isidondoke ghafla. Na hivyo tofauti ya vitu visivyo sawa isiwe sifuri kamwe. Kampuni ya Digital, ambayo mashine zake zilikwisha kuuzwa kwa wingi na hazikufanya hivyo, ilisema jambo hilo ni gharama bure. Ikamwomba mtaalamu wa nje, G. W. Stewart, alichunguze. Mwaka wa 1981 Stewart alitoa hukumu yake, nayo ikawa upande wa Kahan. Ni jambo la kumsifia mtu, kukodiwa na upande mmoja na kusoma mshale ulipo.

Kanuni hiyo, iitwayo IEEE 754, ilikubaliwa mwaka wa 1985. Katika namna yake fupi idadi ina biti 32: moja ya alama, 8 za kipeo, 23 za tarakimu. Katika namna ndefu ni biti 64: moja, 11 na 52. Kipeo hakiandikwi kama kilivyo bali huongezewa 127 katika namna fupi na 1023 katika namna ndefu, ili kisihitaji alama ya kutoa; msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya hilo, kwa kuwa yeye huitazama saa inayoonyesha saba na kusema saa moja, wala hakosei. Jambo moja kanuni ile ya 1985 haikulitaja: ni baiti ipi itangulie katika kuandika, kubwa au ndogo. Mashine zikaendelea kutofautiana, mmoja akisema ishirini na tano na mwingine khamsa wa ishirini, na aliyehamisha majedwali toka mashine hii hadi ile bila kuangalia alipata upuuzi mtupu.

Tofauti ya namna hizo mbili yaweza kupimwa kwa ziwa lenyewe. Maji ya Ziwa Viktoria yakadiriwa kuwa kilomita za ujazo 2,750, yaani lita 2,750,000,000,000,000. Idadi hiyo ikiandikwa kwa namna fupi, hatua moja kutoka idadi moja inayoandikika hadi inayofuata ni lita 268,435,456. Mtu akimimina kibaba cha maji ziwani mashine haitaona kitu. Akimimina lita milioni mia moja haitaona kitu vilevile, kwa sababu hazifiki nusu ya hatua. Akiandika kwa namna ndefu, hatua ni nusu lita, na kibaba chake kitaonekana. Ni ziwa moja, na maji ni yale yale.

Lakini lililo kubwa katika kanuni hiyo ni jinsi inavyoyatendea masazo. Imeagiza kwamba katika kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili, jibu liwe lile ambalo lingepatikana kama hesabu ingefanywa kamili na kisha kukaribishwa mara moja tu kwenye idadi iliyo jirani zaidi. Masazo yakiwa nusu barabara, jibu huenda kwa tarakimu shufwa: mbili na nusu huwa mbili, tatu na nusu huwa nne. Hivyo katika hesabu nyingi nusu moja hupanda na nyingine hushuka, wala hakuna upande unaojaza ghala. Watu wa Vancouver, katika Kanada, waliliona umuhimu wake kwa hasara. Soko lao la hisa lilianzisha mwezi wa Januari 1982 kipimo cha bei kilichoanzia 1,000. Kipimo hicho kilihesabiwa upya maelfu ya mara kwa siku, na kila mara tarakimu zilizozidi ya tatu baada ya nukta zilikatwa badala ya kukaribishwa. Kufikia Novemba 1983 kilikuwa kimeshuka hata karibu na 520, ingawa biashara haikuwa mbaya. Hesabu iliporekebishwa ilionekana kwamba kingepaswa kuwa karibu 1,100. Mpimaji wa pamba aliyeacha robo tatu alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo kwa mkono, tena polepole zaidi.

Pesa na heller nazo zimerudi. Senti 10 ni ushuri wa shilingi, na ushuri hauandikiki kamili kwa nusu na robo na thumuni zenye mwisho, hata ziwe nyingi namna gani. Kama vile heller 10 zisivyolipika kwa pesa. Katika namna ndefu ya kanuni ya 1985, mtu akijumlisha ushuri mara kumi hapati moja bali 0.9999999999999999. Mabenki yaliendelea kwa hiyo kutumia hesabu za kumi katika fedha, na kanuni iliporekebishwa mwaka wa 2008 iliongezewa namna za kuandika zinazokwenda kwa kumi, miaka 104 baada ya serikali ya Kijerumani kufanya vivyo hivyo kwa rupia. Juu ya sini na logi marekebisho hayo yalitoa shauri tu, si amri, na hata baada ya marekebisho ya mwaka wa 2019 maktaba mbili za programu zaweza kutofautiana katika tarakimu ya mwisho bila yoyote kuvunja kanuni.

Huko Mwanza sheria ya vipimo ni ya mwaka wa 1982, na tangu mwaka wa 2002 Wakala wa Vipimo ndiyo inayokagua mizani. Viazi na vitunguu vimeuzwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka kilele kikasimama juu ya mdomo na kushonewa kamba, na malalamiko juu yake hayajakwisha, ingawa imekatazwa mara nyingi. Bei ni ya gunia, na kilele ni cha mnunuzi. Katika pamba, mizani ya elektroniki imeanza kushika nafasi ya ile ya mshale katika miaka ya karibuni. Uzani huonekana kwa tarakimu zinazowaka, na mkulima, ambaye sasa amesoma, huzisoma mwenyewe. Mizani hiyo nayo ina hatua yake ya mwisho, iliyoandikwa kwa herufi ndogo katika kibati chake, na kinachobaki chini ya hatua hiyo hukaribishwa ndani ya mashine, juu au chini, kabla ya tarakimu kutokea.